Namna ya Kufika, Kukaa na Kuulizia Ardhi katika Kijiji cha Sijunjung, Sumatra Magharibi

Katika kijiji cha Sijunjung, mkoa wa Sumatra Magharibi nchini Indonesia, mgeni akiuliza nyumba fulani ni ya nani hutajiwa ukoo kabla ya kutajiwa mtu: hii ya Caniago, ile ya Piliang, zile za kule mbele za Malayu. Nyumba hizo za mbao zenye paa lililopinda na kuchongoka ncha, ambazo wenyewe huziita rumah gadang, zimejipanga pande mbili za barabara ya kijiji katika vitongoji vya Padang Ranah na Tanah Bato. Hesabu iliyozoeleka ni nyumba 76. Nje ya safu hizo kuna mashamba ya mpunga, minazi na mipira. Tangu 2015 kijiji kimo katika orodha ya maeneo ambayo Indonesia inakusudia kuyapendekeza yawe Urithi wa Dunia, lakini wageni wanaofika ni wachache, kwa kuwa wengi wao huelekea Bukittinggi na Ziwa Maninjau, kwenye milima yenye baridi, wakaliacha bonde hili la joto nyuma yao.

Mwongozo huu ni wa msomaji anayetaka kukitembelea kijiji hicho, au kukaa kwa muda, au aliyeoa ama kuolewa na mtu wa huko na sasa anaulizia habari za nyumba na shamba. Karibu kila kitu utakachokihitaji Sijunjung, kuanzia godoro la usiku mmoja hadi kipande cha ardhi, kina wenyewe wengi, na ugumu wake hauko kwenye bei bali katika kumjua wa kuulizwa kwanza na wa kuulizwa baadaye. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano huo.

Hatua ya kwanza: elewa nani ni nani

Wenyeji ni Waminangkabau, Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama walivyo Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, na ukoo wao hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake. Nyumba na mashamba ya asili hushuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama hadi kwa binti. Na msimamizi wa mali hiyo ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Msomaji wa Ngazija anayejua manyahuli, yaani ardhi ya ukoo inayoshuka kwa upande wa mama, au aliyezaliwa kwa Wamakonde au Wayao, hatashangaa sana. Wengine itawabidi wajizoeze. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, na humo huheshimiwa kama mgeni mwenye cheo, lakini shamba la mkewe halimhusu. Wakati huohuo, kwenye nyumba ya dada zake, yeye ndiye mjomba na bila kauli yake hakuna linalosogea. Kwa hiyo usimtazame mzee anayekunywa kahawa barazani ukadhani ndiye mwenye nyumba. Huenda mamlaka yake yote yako nyumba ya pili.

Upande wa utawala, kijiji huitwa nagari na mkuu wake wa kiserikali ni wali nagari, chini yake wakiwa wakuu wa vitongoji, yaani majorong. Sambamba na serikali hiyo kuna baraza la mila, Kerapatan Adat Nagari, ambalo wajumbe wake ni wakuu wa koo wenye lakabu ya Datuk. Sheria ya serikali za vijiji ya 1979 iliwafanya wakubwa wa enzi ya Rais Suharto wazivunje nagari kuwa vijiji vidogo vidogo, na mkoa uliurudisha mfumo wa zamani kwa kanuni ya 2000. Matokeo yake ni ofisi mbili zinazofanya kazi bega kwa bega, na karatasi ya ofisi moja haichukui nafasi ya karatasi ya nyingine. Jambo hili litakusumbua mbele ya safari kama hukulishika mapema.

Hatua ya pili: maandalizi ya nyumbani

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita au zaidi, na uwe na tiketi ya kurudi. Angalia katika tovuti ya uhamiaji ya Indonesia kama nchi yako imo kwenye orodha ya viza ya kuwasili. Iliyomo hulipia rupia 500,000 kwa siku 30, na muda huo unaweza kuongezwa mara moja kwa siku nyingine 30. Anayekawia kuondoka hutozwa rupia 1,000,000 kwa kila siku iliyozidi, kwa hiyo hesabu siku zako kwa kalenda na usizikisie. Tangu 2025 kila anayeingia hujaza pia fomu moja ya kuwasili mtandaoni, iitwayo All Indonesia, katika siku tatu kabla ya kutua.

Wasafiri kutoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano wabebe cheti cha chanjo, ile kadi ya njano tuliyoizoea, kwa kuwa Indonesia hukidai. Msomaji wa Kenya, Yemen au Uganda asithubutu kubeba miraa, hata majani makavu machache yaliyosahaulika kwenye mfuko wa koti: katinoni iliyomo ndani yake imo katika daraja la kwanza la sheria ya mihadarati ya Indonesia ya 2009, na sheria hiyo haina mzaha.

Fedha za kubadilisha ziwe dola mpya zisizokunjwa wala kuchorwa, kwa sababu noti chakavu hukataliwa. Badilisha Jakarta au Padang, mji mkuu wa mkoa. Mashine za benki zipo mjini Muaro Sijunjung, makao makuu ya wilaya, lakini kijijini kila kitu ni taslimu, na noti ndogo ndizo zinazofaa. Nguo ziwe za heshima. Kanga mbili au kikoi vitakufaa kuliko suruali tatu, kwa kuwa utakaa sakafuni muda mrefu, na kwenye bafu la pamoja la ua wa nyuma utahitaji kitu cha kujifunga.

Hatua ya tatu: njia

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Muscat utapitia Ghuba au Addis Ababa hadi Jakarta, kisha ndege ya ndani isiyozidi saa mbili hadi uwanja wa Minangkabau, kaskazini ya Padang. Njia nyingine ni kupitia Kuala Lumpur, ambako ndege ya moja kwa moja hadi Padang huchukua saa moja na dakika kidogo. Saa za Sumatra ziko mbele ya zetu za Afrika Mashariki kwa saa nne.

Toka Padang hadi Muaro Sijunjung ni zaidi kidogo ya kilomita 100, lakini usizihesabu kilomita. Barabara hupanda kutoka pwani kwenye kona za Sitinjau Lauik, ambako malori yaliyojaa hupanda kwa gia ya kwanza na vijana husimama kwenye kona kuongoza magari kwa mikono, wakitupiwa sarafu na noti ndogo kutoka dirishani. Hapo foleni moja inaweza kukula saa nzima. Baada ya hapo unashukia Solok na kuendelea mashariki kwa barabara kuu ya Sumatra. Usafiri wa kawaida ni magari madogo ya abiria ambayo wenyewe huyaita travel: unapiga simu, gari linakufuata ulipo na kukushusha mlangoni. Mwambie dereva jina la kitongoji, Padang Ranah, kwa sababu ukisema Sijunjung peke yake anaweza kukuacha mjini Muaro. Safiri asubuhi. Mvua za mchana, hasa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, huleta maporomoko ya udongo, na Mei 2024 matope ya volkeno ya mlima Marapi pamoja na mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika wilaya za jirani na kuikata barabara ya Lembah Anai kati ya Padang na Bukittinggi kwa zaidi ya miezi miwili. Njia ya Solok ni nyingine, lakini ile ikifungwa, magari yake yote huhamia hii.

Mwenye siku ya ziada ateremke Sawahlunto, mji wa makaa ya mawe wa zama za Waholanzi ulio njiani na ambao migodi yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2019.

Hatua ya nne: jitambulishe kabla hujafungua begi

Baadhi ya nyumba hupokea wageni wa kulala. Panga mapema kwa simu kupitia ofisi ya wali nagari au kikundi cha utalii cha kijiji, si kwa kumfuata mtu mmoja uliyempata mtandaoni, kwa kuwa chumba anachokuahidi kiko ndani ya nyumba ya dada zake na mama zake wakubwa, ambao huenda hawana habari. Ukifika, mwenyeji wako atakupeleka kwa jorong. Kama hukupelekwa, omba upelekwe. Mgeni anayelala kijijini huripotiwa ndani ya saa 24, na kwa raia wa kigeni sheria ya uhamiaji inamtaka anayempa malazi atoe taarifa zake akiombwa. Chukua nakala kadhaa za pasipoti, uache moja hapo.

Salamu ni «Assalamu alaikum», nayo itakufungulia milango mingi kuliko neno lolote la Kiindonesia. Mwanamke mtu mzima huitwa Ibu, mwanamume Bapak. Vijana waliokuzidi kidogo huitwa Uni kwa dada na Uda kwa kaka. Usimwite mtu aliyekuzidi umri kwa jina tupu, na mwenye lakabu ya Datuk aitwe Datuk.

Utaulizwa kwenu ni wapi, una ndugu wangapi, na mama yako ni mtu wa wapi. Swali hilo la mwisho si udadisi: kwa mila yao ndilo linaloeleza wewe ni nani. Jibu kwa ukamilifu, na ukiwa wa kabila linalofuata upande wa mama, sema. Mazungumzo yatabadilika papo hapo.

Hatua ya tano: adabu ya nyumba

Rumah gadang huingiwa kwa ngazi, viatu vikibaki chini. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu wa mbao uliogawanywa na nguzo, na ukutani upande wa nyuma kuna milango midogo iliyofuatana: kila mlango ni chumba cha mwanamke wa nyumba hiyo aliyeolewa. Humo mgeni haingii. Jikoni kuna nafasi yake nyuma. Wanaume hukaa wakikunja miguu mbele, wanawake hukunja miguu upande mmoja, na ni vibaya kunyoosha miguu ukamwelekezea mtu nyayo au kuruka sahani. Kaa pale unapooneshwa. Katika shughuli za kimila kila mtu ana nafasi yake kwa mujibu wa ukoo na ndoa, na mgeni aliyejichagulia penye upepo anaweza kuwa amekalia nafasi ya mkuu wa ukoo.

Kwenye shughuli huletwa chombo cha shaba chenye majani ya tambuu, popoo, chokaa, gambiri na tumbaku. Watu wa Lamu na Unguja watakitambua mara moja. Hakipokewi kama peremende: anayekileta hutoa maneno marefu yenye vina, anayekipokea hujibu, na mgeni hungoja mpaka aambiwe achukue. Kisha chakula huliwa kwa mkono wa kulia katika sinia moja, watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja akila upande wake na bila kutangulia wakubwa. Rendang ya huko, nyama iliyopikwa kwa tui na viungo, ni kavu na nyeusi, imekaa motoni saa nyingi hadi tui limekauka na kuwa mafuta. Asiyezoea pilipili aseme mapema, ingawa sidhani kama itamsaidia.

Ukikuta msimu wa kilimo utaona vikundi vya kulimiana kwa zamu, na baada ya mavuno hufanyika dua na karamu ya kijiji iitwayo bakaua. Kualikwa huko ni bahati. Peleka mchango wa mchele au sukari kwa wanawake wa nyumba yako, nao wataupeleka panapostahili.

Malipo ya malazi mpe mama wa nyumba mkononi, na si mume wake.

Hatua ya sita: zitenganishe mali za aina mbili

Sasa tuje kwenye ardhi, ambapo wageni hupoteza fedha nyingi.

Mali za Waminangkabau ni za aina mbili. Ya kwanza ni mali ya asili, pusako tinggi: nyumba kubwa, mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki yaliyoshuka kwa vizazi vya wanawake wa tumbo moja. Haina mwenyewe mmoja. Aliye hai hutumia, mjomba husimamia, na mali inabaki kwa watakaozaliwa. Ya pili ni mali ya jasho, pusako rendah, yaani kile ambacho mume na mke wamechuma wenyewe. Hiyo hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu ya mirathi kama kwetu.

Ubishi kuhusu aina ya kwanza ni wa muda mrefu. Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu na khatibu wa Kishafii katika Msikiti Mtakatifu wa Makka na aliyefariki 1916, aliipinga vikali desturi ya kuwarithisha wapwa badala ya watoto. Mwanafunzi wake Abdul Karim Amrullah alikuja na hoja nyingine, kwamba mali ya asili haikuwa ya marehemu hata irithiwe, bali iko mfano wa wakfu. Mkutano wa maulamaa, wakuu wa koo na wasomi uliofanyika Bukittinggi mwaka 1952 ulifuata mwelekeo huo: mila kwa mali ya asili, mirathi ya Kiislamu kwa mali ya jasho. Kwa maoni yangu mfano wa wakfu ndio unaomfaa zaidi msomaji wa pwani yetu, kwa kuwa unamwonesha mara moja kwa nini hakuna mtu wa kumwuzia kitu.

Mali ya asili haiuzwi. Inaweza kuwekwa rehani, nayo kwa sababu nne zilizotajwa na mila: maiti iko ndani ya nyumba na hakuna cha kuzikia, binti amekua na hakuna cha kumwozea, nyumba kubwa inavuja, au cheo cha mkuu wa ukoo kimekaa bila mtu na hakuna fedha za sherehe ya kumsimika mpya. Hata hapo ukoo mzima lazima ukubaliane. Maisha ya leo yameziongezea sababu hizo ada ya chuo na mtaji wa safari, jambo ambalo wazee hulalamikia huku wakitia saini.

Kwa hiyo ukioneshwa shamba na kuambiwa linauzwa, swali lako la kwanza liwe: hili ni la asili au la jasho? La pili: nani mwingine ana neno? Mwuzaji mwaminifu atakupeleka mwenyewe kwa mjomba wake. Anayekuambia mjomba hana haja ya kujua amekwisha kukujibu.

Hatua ya saba: omba karatasi, kisha uzisome na wenyewe

Karatasi ya maana kuliko zote kijijini ni ranji, mchoro wa nasaba ya tumbo. Juu kabisa limeandikwa jina la bibi wa asili. Chini yake matawi ya binti zake na wajukuu wa kike, yakizidi kuteremka. Majina ya wanaume yamo pia, lakini kila moja limesimama peke yake bila tawi, kwa kuwa watoto wao wameandikwa kwenye ranji za mama zao. Chini kuna saini ya mjomba msimamizi, mkuu wa ukoo na baraza la mila. Soma majina moja baada ya jingine na uulize kila mtu mzima aliye hai yuko wapi. Wanaume wa Kiminangkabau, na siku hizi wanawake pia, huondoka kutafuta maisha Jakarta, Pekanbaru na Malaysia, na ndugu wa ukoo aliyeko huko miaka mingi ana haki sawa na yule aliyekaa nyumbani. Kesi nyingi za ardhi huanza siku mtu kama huyo anaporudi kwa Idi akakuta tofali kwenye shamba la bibi yake.

Baada ya ranji, uliza hati ya serikali kutoka ofisi ya ardhi ya wilaya. Sehemu kubwa ya ardhi za koo haina hati, na hilo si dalili ya utapeli. Iliyo na hati mara nyingi imeandikwa jina la mjomba msimamizi kwa niaba ya wenzake. Kwa iliyosajiliwa, programu ya simu ya wizara ya ardhi, Sentuh Tanahku, husaidia kuona kama kipande kimo kwenye ramani. Mipaka tembeeni pamoja na majirani wa pande zote nne, kwa miguu, mchana. Mauzo halali ya ardhi yenye hati hufanyika mbele ya afisa maalumu wa hati za ardhi, PPAT, na si kwa risiti yenye stempu. Mnunuzi hulipa ushuru usiozidi asilimia 5 baada ya kiwango kilichosamehewa, na mwuzaji asilimia 2.5.

Hatua ya nane: jua wewe raia wa kigeni unaruhusiwa nini

Sheria ya msingi ya ardhi, Namba 5 ya 1960, inasema wazi kwamba umiliki kamili ni wa raia wa Indonesia pekee. Kifungu cha 26 kinaongeza kwamba mauzo yanayokusudia kumfikishia mgeni umiliki huo, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, ni batili, ardhi huangukia serikali na fedha zilizolipwa hazidaiwi. Kwa hiyo ule mpango maarufu wa kuandikisha ardhi kwa jina la rafiki au dereva mwenyeji, huku ukiweka mkataba wa siri kwenye droo, hauna kinga yoyote mahakamani. Yapo maelfu ya maneno ya madalali kuhusu jinsi ya kuuzunguka. Usiyasikilize.

Anachoweza kupata mgeni mwenye kibali cha kukaa ni haki ya matumizi, ambayo kwa kanuni ya 2021 hutolewa kwa miaka isiyozidi 30, huongezwa 20 na kufanywa upya kwa 30, au kupanga nyumba kwa mkataba. Katika kijiji kama Sijunjung, haki ya matumizi ni njia ya mbali, kwa sababu ardhi yenyewe ni ya koo. Kupanga ndiko kunakofaa. Omba mkataba ulioandikwa, wenye muda, kodi, nani atatengeneza paa, na saini za mama wa nyumba, mjomba na wali nagari. Nyumba kubwa ya asili ni ghali kuitunza: mbao huoza, mafundi wa paa ni wachache, na kila tengenezo lina adabu zake. Lakini nguzo zake husimama juu ya mawe bila kuchimbiwa, hivyo ardhi ikitikisika nyumba huyumba nayo, sifa isiyo ndogo katika mkoa ambao tetemeko la 30 Septemba 2009 liliua watu zaidi ya 1,100.

Unaweza kutolewa wazo la kushika shamba rehani: unatoa dhahabu au thamani yake, unalima au kulimisha, na shamba hurudi siku dhahabu itakaporudishwa. Waminangkabau hufanya hivyo wao kwa wao tangu zamani. Sheria ya 1960 kuhusu mashamba inaamuru kwamba rehani iliyotimiza miaka 7 irudishwe bila malipo yoyote mara baada ya mavuno, ingawa vijijini wengi huendelea kufuata mila kwamba kilichokopwa hulipwa. Mgeni akiingia katikati ya sheria hizo mbili atabanwa na ile isiyompendelea. Nakushauri usiingie.

Hatua ya tisa: ukiwa umeoa au kuolewa huko

Raia wa Indonesia aliyefunga ndoa na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali hujikuta hana uwezo wa kushika umiliki kamili, kwa kuwa nusu ya mali huhesabiwa ya mwenzake. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba uliosomwa Oktoba 2016, mkataba huo unaweza kuandikwa hata baada ya ndoa. Andikeni mbele ya mthibitishaji wa hati kabla ya kununua chochote, na uandikishwe panaposajiliwa ndoa. Mali ya asili ya ukoo haiguswi na suala hili, kwa kuwa haikuwa ya mwenzio.

Mwanamume wa kwetu aliyeoa Mminangkabau hana taabu kubwa: watoto wake ni wa ukoo wa mama yao, wana chumba, shamba na mjomba, yeye ni mkwe, na ajue kwamba akijenga nyumba ya tofali kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, nyumba hiyo imekwenda na ardhi. Mambo ni magumu zaidi kwa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mminangkabau, kwa sababu watoto wake hawana ukoo. Mila ina njia yake: mwanamke huyo huweza kupokewa katika ukoo wa kijijini, uwe tofauti na wa mumewe kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani, kwa makubaliano ya wakuu wake na kwa karamu ambayo kiwango chake hupangwa na kijiji. Anapata mjomba wa kumsemea, na watoto wanapata jina la kutaja. Hapati kwa hilo fungu katika mashamba ya asili ya ukoo uliompokea, wala watoto hawapati la ukoo wa baba. Kile ambacho baba anataka wapate lazima kitoke katika mali yake ya jasho, kwa mirathi au kwa hiba aliyoiandika akiwa hai, na hiba hiyo isainiwe mbele ya wapwa zake, ambao ndio watakaokuwa wa kwanza kuihoji atakapokuwa hayupo.